Shajara ya mradi: kwaya yetu na safari ya injili Ukara

Mwezi wa tatu, baada ya kikao cha kwaya

Bwana asifiwe wapendwa. Kikao kimeniomba niwe naandika kila tunapopiga hatua ili wote mjue mradi umefikia wapi, hata nyie mlio vyuoni na mliohamia Geita na Musoma ambao bado mnatuma michango yenu bila kukumbushwa, Mungu awabariki sana kwa hilo.

Mradi ni huu. Kwaya yetu ya Mwanza inakwenda Ukara, kile kisiwa cha Ziwa Victoria kilicho kaskazini ya Ukerewe, kufanya huduma kwenye mwalo mmoja wa dagaa, yaani pwani ambapo wavuvi wanashusha na kuanika samaki, na kwenye kanisa dogo la pale ambalo lina mwinjilisti mmoja, ngoma moja, na kwaya ya akina mama wachache na vijana wawili watatu wanaokuja siku ambazo hawajaingia ziwani. Mwinjilisti ametuomba tangu mwaka jana. Kwenye barua yake hakuomba vyombo wala spika, aliomba mwalimu. Anasema watu wake wanapenda kuimba kweli kweli, ila wimbo wanaousikia kwenye simu au redio wanaushika sauti ya kwanza tu, wote mpaka wanaume, maana wa kuwapa sauti nyingine hakuna.

Hiyo barua iliposomwa kikao kizima kikatulia. Kulikuwa na mawazo ya jukwaa, sare mpya, vyombo vyote vya kanisani vipakiwe, na mtu wa kamera. Mwalimu wetu akasimama akasema yeye anaomba kitu kimoja tu, siku tunaondoka pale tuwe tumeacha nyimbo tatu ambazo wenyewe wanaweza kuziimba kwa sauti zote nne, ya kwanza na ya pili za akina mama, ya tatu na ya nne (besi) za wanaume, bila sisi na bila umeme. Kikao kikapitisha. Kwa hiyo kipimo cha mradi ni hicho, naomba tusikisahau huko mbele tutakapoanza kuhesabu watu waliojaa mkutanoni.

Tarehe za safari

Sisi wa mjini safari tunaipanga kwa likizo na mshahara. Mwaloni wanapanga kwa mwezi ule wa juu, na mwinjilisti ametueleza vizuri kwa simu mpaka nikamwomba arudie niandike.

Dagaa wanavuliwa kwa taa. Kipindi cha giza, usiku usio na mwezi, mitumbwi inaingia ziwani jioni na taa, zamani zilikuwa karabai siku hizi nyingi za sola na betri, dagaa wanaufuata ule mwanga, wanazungushiwa nyavu, alfajiri watu wanarudi na mzigo. Ikija mbalamwezi taa inakosa nguvu kwa sababu maji yote yana mwanga na dagaa wametawanyika, kwa hiyo watu hawaingii, wanashona nyavu, wanaziba mitumbwi, na baada ya siku kadhaa wengi wanaondoka kwenda kusalimia familia zao. Ukienda wakati wa giza wanaume mchana wamelala hoi na usiku wako majini. Ukienda mbalamwezi ikiwa imekolea sana unakuta nusu ya kambi imeshasafiri. Yeye akashauri tufike siku za mwanzo za mbalamwezi, mzigo wa mwisho wa giza ukiwa bado unaanikwa na watu bado wapo.

Kuna sababu nyingine alisema kwa uzito zaidi. Siku hizo ndizo hela iko mfukoni. Vilabu vinajaa, muziki unapigwa mpaka asubuhi, kijana aliyefanya kazi ya hatari usiku kucha kwa wiki nzima anaimaliza yote kwa siku mbili na nyumbani wanamsubiri. Kama kuna usiku ambao wimbo wa injili unatakiwa kusikika mwaloni basi ni huo. Nilipowasomea wenzangu hayo hakuna aliyebishana tena kuhusu tarehe. Tumechukua likizo ya mwezi wa sita kwa ajili ya walimu wetu wa shule, na ndani yake tukachagua siku za mbalamwezi.

Mwezi wa nne: nyimbo

Hapa ndipo kazi ilipo na nitaandika kwa kirefu.

Nyimbo tatu zote ametunga mwalimu mwenyewe. Ni fupi, kiitikio kinarudi haraka, Kiswahili chepesi. Wa tatu mashairi yake mwinjilisti ameyageuza kwa Kikara na kututumia kwa sauti kwenye WhatsApp, tunasikiliza na kurudia, tunamrudishia anatusahihisha, maana mtu akisikia neno la Mungu kwa lugha ya mama yake linamgusa tofauti hata kama Kiswahili anakijua vizuri.

Sisi tumezoea kuimba kwa noti, d r m f, karatasi mkononi. Mwalimu amekusanya karatasi zote. Amesema kule tunaenda kufundisha kwa sikio na mtu hawezi kufundisha kwa sikio kitu ambacho yeye mwenyewe anakisoma. Kwa hiyo kila mmoja anajua sauti yake kwa kichwa, na kila sauti imetoa walimu wake watakaokaa na wenyeji.

Halafu kinanda kimefungwa. Wiki ya kwanza bila kinanda tulikuwa tunaanza wimbo kwenye G tukifika mwisho tuko F, na mtu wa sauti ya nne anatafuta noti chini kabisa haipo. Wanaoimba kwenye kwaya wanaijua hii, bila chombo cha kukushikilia sauti inateremka kidogo kidogo na hakuna anayejisikia. Dawa aliyotupa mwalimu ni kusikilizana: sauti ya kwanza wasivute noti za juu kwa uvivu, sauti ya tatu washike pumzi mpaka mwisho wa mstari, na tupunguze makelele maana ukipiga kelele humsikii jirani yako. Sasa hivi tunashuka kidogo sana, siku nyingine hatushuki kabisa.

Jambo kubwa nililojifunza mimi ni mpangilio wa kufundisha. Wengi tungeanza na sauti ya kwanza kwa sababu ndiyo wimbo wenyewe. Mwalimu anakataa. Anasema mwanaume akishasikia ile ya kwanza imeingia kichwani hatoki tena, utamfundisha ya nne mara kumi na atarudi kule kule. Kwa hiyo unaanza na ya nne, unawaacha waizoee kama wimbo wao unaojitegemea, unaweka ya tatu juu yake, kisha ya pili, na ya kwanza inakuja mwisho kabisa. Tumeijaribu kwa watoto wa Sunday School hapa kanisani, ambao hawajawahi kufundishwa sauti, na imekubali.

Mwezi wa tano: hela na vibali

Michango inaenda vizuri, akina mama wameuza maandazi na chai baada ya ibada kila Jumapili na kanisa limetuongezea. Tunabeba kinanda kimoja kwa ajili ya ibada ya Jumapili, ngoma mbili, spika mbili ndogo, maiki na jenereta ndogo. Bwisya, kijiji cha Ukara kinakofika kivuko, pana umeme wa jua toka 2016 ila upande tunaokwenda nguzo hazijafika. Kanisa mwenyeji ndilo lililopeleka barua kwa mtendaji wa kijiji na polisi kuomba kibali cha mkutano wa hadhara, na majibu yamekuja.

Kimoja kimejadiliwa sana: mwaloni hatutatoa kikapu cha sadaka. Wapo waliosema sadaka ni ibada na mtu asinyimwe baraka yake. Ni kweli, na Jumapili kanisani itatolewa kama kawaida na itabaki pale pale. Lakini mwaloni wanafika wengi wa kuwauzia na kuwadai, tukifika na sisi na kikapu tutakuwa tumejiunga kwenye foleni hiyo. Nasimama na uamuzi huu kwa moyo wote.

Mwezi wa sita, siku ya kuondoka

Naandika nikiwa kwenye meli kutoka bandari ya Mwanza Kaskazini kwenda Nansio, masaa matatu na kitu, ziwa limetulia. Nansio tunachukua gari mpaka Bugolora, kisha kivuko mpaka Bwisya.

Lazima niliseme hili maana limekuwepo kwenye maombi yetu muda wote. Njia hiyo ya Bugolora na Bwisya ndiyo aliyopita kivuko MV Nyerere, alipopinduka tarehe 20 Septemba 2018 akiwa amebakiza hatua kidogo kufika, akiwa amebeba watu zaidi ya uwezo wake, wakafa watu zaidi ya 220. Na sisi wa Mwanza tuna la kwetu, meli ya MV Bukoba iliyozama 21 Mei 1996. Ndani ya kwaya wapo waliofiwa. Mama mmoja wa sauti ya pili hakuwa amepanda chombo cha majini tangu msiba wa kwao, leo yuko hapa amekaa katikati ya mabinti wamemshika mikono pande zote mbili. Tulikubaliana mapema: chombo kikionekana kimejaa hatupandi hata kama tutalala Bugolora, mtumbwi wa usiku hakuna, na kwenye mtumbwi wowote kila mtu avae laifujaketi na ifungwe, sio kuikalia.

Mzee wetu mlezi amewakusanya vijana kwenye sitaha akawapa historia ya maji haya. Injili ukanda huu ilikuja kwa mashua. Wamisionari wawili wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa hapo hapo Ukerewe Desemba 1877, wakiwa wamejikuta ndani ya ugomvi wa mfanyabiashara aliyeitwa Songoro na mtemi Lukonge. Baadaye CMS wakafungua kituo Nassa mwaka 1888, na 1909 kikapokelewa na wamisionari wa AIM (Africa Inland Mission), ndiko shina la AICT ya leo, Kanisa la Africa Inland Tanzania. Kijana mmoja akauliza, "Sasa babu, wale waliokufa walifanya kosa gani?" Mzee akajibu kwamba hawakuwa watu wabaya, ila mgeni akifika anasimama upande ambao haujui. Ndio maana sisi tukifika tunaanza kwa mtendaji na kwa mwinjilisti, na pakiwa na maneno ya kanisa hili na kanisa lile tunanyamaza.

Mwaloni

Tumefika salama, tunamshukuru Mungu. Mtandao unakuja na kuondoka.

Maelekezo ya afya yamezingatiwa: hakuna kuoga wala kufua ziwani, maana kichocho visiwani huku ni tatizo la siku nyingi, vile vijidudu vinatoka kwa konokono na kuingia kwenye ngozi ukisimama tu majini. Tunaoga maji ya kisima. Vijana wetu waliona wenzao wanajitosa wakatamani, ila wamesikia.

Mpango ulikuwa kufundisha kanisani saa nane mchana. Tulipofika akina mama wote wako kwenye chanja, zile meza za kuanikia, wanageuza dagaa, ule mzigo wa mwisho wa giza, na jua la siku hiyo hakuna wa kulichezea kwa sababu dagaa wasipokauka vizuri bei inaanguka. Mwalimu hakungoja kanisani. Aliwapeleka mabinti wa sauti ya pili kwenye chanja, kila mmoja akapewa fagio, wakaanza kugeuza na kuimba humo humo. Harufu ya dagaa, upepo, kuku wanafukuzwa. Kuna bibi mmoja alisikiliza muda mrefu mkono kiunoni, kisha akamuuliza binti wetu:

"Mwanangu, hii yenu mbona haipandi wala haishuki, inakaa tu hapo hapo?"

"Ndiyo bibi, hiyo kazi yake ni kukaa. Wenzetu ndio watapanda na kushuka."

"Aah. Basi hiyo naiweza."

Na akaiweza. Jioni alikuwa yeye ndiye anayewarudisha wenzake wakiifuata ya kwanza, anapiga fagio chini mara moja, wanarudi.

Sauti ya nne ilipatikana kwa namna ambayo hatukuipanga. Wavuvi walikuwa wanapandisha mtumbwi mchangani, mmoja anaita wengine wanaitikia na kuvuta, itikio fupi, zito, la chini. Mwalimu akasogea akasaidia kuvuta. Kisha akawaomba, "Kaka zangu, hilo itikio lenu naomba tulitie maneno mengine," na akaiweka sauti ya nne ya wimbo wa pili kwenye mwendo ule ule wa kuvuta mtumbwi. Ikabidi wimbo wote uende taratibu kuliko tulivyofanya mazoezi Mwanza, na nakiri kwa furaha sasa ni mzuri zaidi. Walikuwa wanashona nyavu kivulini huku wanauimba, sindano inaingia na kutoka, hakuna aliyeinua kichwa, besi imejaa. Mimi nimeimba kwaya tangu utoto na sijui kama nimesikia sauti ya nne imekaa vile.

Sauti ya tatu ndiyo imesumbua. Wanaume wenye sauti ya juu wapo ila wanaona aibu kuimba huko juu mbele ya wenzao wa besi, na vijana wetu wa sauti hiyo ya tatu walikuwa wachache.

Usiku mbalamwezi ikawa nyeupe, unaona mpaka nyavu zilizoanikwa kule mbali. Mkutano ulikuwa jirani kabisa na klabu na muziki wake ulikuwa mkubwa. Mwinjilisti aliondoka mwenyewe akaenda kuongea na mwenye klabu, "Tunaomba mpaka saa tatu tu ndugu yangu," na yule akapunguza kabisa, na sisi saa tatu tukafunga kama tulivyoahidi. Neno likahubiriwa, watu wakaombewa, na baadhi ya wale vijana wa nyavu walisimama mbele na kwaya yetu wakaimba wimbo wao wa pili na nguo zao za kazi. Jenereta tuliitumia kwa maiki ya mhubiri tu.

Jumapili

Leo ilikuwa kipimo. Mwalimu alitukalisha sisi wote kwenye mabenchi ya nyuma, kwaya ya pale ikasimama peke yake, na waliongezeka kweli.

Wimbo wa kwanza ulikwenda mpaka ubeti wa pili sauti ya tatu ikazama, ikamezwa na ya kwanza, wakamaliza kwa sauti tatu. Wa pili ulisimama wote, sauti nne, mwanzo mpaka mwisho. Wa Kikara waliuchukua haraka kuliko tulivyowafundisha, wakaongeza vigelegele na mwitikio wao kati ya mistari, na ngoma yao ikabadilisha mapigo, mwalimu akawa anatikisa kichwa huku machozi yanamtoka. Kanisa zima liliimba. Wazee waliokuwa nje wakaingia ndani.

Kwa hiyo kwa kipimo tulichojiwekea tumeacha nyimbo mbili, na mmoja umebaki nusu.

Tumerudi Mwanza

Kikao cha tathmini kimekaa. Yafuatayo yanaendelea.

Sauti zote nne za nyimbo zote tatu zimerekodiwa kila moja peke yake, bila kinanda, na kuwekwa kwenye memori kadi ya simu ya mwinjilisti na ya yule bibi wa chanja, ambaye mjukuu wake ndiye atakayemfungulia. Kwa wimbo wa kwanza sauti ya tatu imeshushwa kidogo na mwalimu ili isipande sana, hilo lilikuwa ombi la wale kaka wenyewe na ni la haki, wimbo ni wao sasa.

Hela iliyobaki, kikao kimepitisha isinunue sare. Itasafirisha watu wawili wa sauti ya tatu na mwalimu msaidizi kurudi Ukara mbalamwezi inayokuja, bila vyombo, wakae na wenyeji na kumalizia. Mama wa sauti ya pili, yule niliyemwandika kwenye meli, ameomba kuongozana nao na amekubaliwa.

Barua nyingine imekuja kutoka kisiwa cha Kome, nao wanaomba mwalimu. Haijajibiwa bado, tunataka kwanza Ukara pakae sawa.

Mazoezi yanaendelea Jumatano saa kumi na moja jioni. Sauti ya tatu wote mje nusu saa kabla, na karatasi za noti ziacheni nyumbani.